Mazoezi Bila Gym

Swali: Daktari, naishi Umoja, ghorofa ya nne. Ada ya gym siiwezi, na nikitoka kazini giza limeshaingia. Nifanyeje?

Jibu: Mama, vifaa unavyo tayari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na ya misuli siku 2. Asubuhi shuka matatu mapema, utembee dakika 15 kwa mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Saa ya chakula cha mchana ongeza 15. Siku 5, hesabu imetimia.

Kwa misuli, jaza maji mtungi wa lita 5. Hizo ni kilo 5. Ukumbatie kifuani, keti kitini na uinuke mara 10. Pumzika, rudia. Ngazi za kwenda ghorofa yako ya nne nazo ni mazoezi. Zipande bila kukimbia.

Mezani, sukuma wiki, ndengu na omena vinatosha. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai.

Kifua kikibana, simama na uende hospitali mara moja. Anza kesho, mama. Mwili wako unastahili.