Kilwa Kisiwani kwa miguu: anza kwa kuuliza maji

Mara ya kwanza kwenda Kilwa Kisiwani nilipanga safari kwa saa ya mkononi. Saa nne asubuhi nilikuwa chomboni, begi mgongoni, viatu vipya vyeupe miguuni, na usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu. Msomaji wa pwani ameshaanza kucheka. Bahari ilikuwa imekimbia mpaka kule, mashua ikagota mbali na ufuko, tukashuka tukakanyaga tope hadi magotini. Nilipofika Gerezani, kwenye ngome ya ufukoni, sikuwa na hamu ya historia ya mtu yeyote. Msikiti Mkuu niliutazama jua likiwa la utosi, Husuni Kubwa sikufika kabisa, na viatu sikurudi navyo.

Nimerudi zaidi ya mara moja tangu hapo, na sasa mpango wangu unaanzia kwenye mwezi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndizo siku za bamvua: ukanda huu maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne asubuhi, na kwa kuwa ni maji mafu, hata yakipwa jioni hayaendi mbali. Kwa hiyo tafuta tarehe 7 au 8, ama 22 au 23, ya mwezi wa Kiislamu. Siku hizo mashua inaweza kukusogeza asubuhi hadi ufukoni chini ya Husuni Kubwa, na jioni ikakuchukua Gerezani bila kukulowesha sana. Hiyo ni kanuni ya kupangia safari tu. Siku yenyewe neno la mwisho ni la nahodha, maana yeye anajua na upepo, na upepo wa kusi ukishashika, mchana wa Juni au Julai haujaribiwi na mgeni.

Kabla ya kuvuka kuna mambo matatu ya Kilwa Masoko. Kwanza hakikisha uko Masoko kweli, kwa sababu Kilwa ni tatu: Kivinje na Masoko ziko bara, Kisiwani iko ng'ambo ya maji. Ukipanda basi Dar es Salaam ukamwambia konda "Kilwa" peke yake, usimlaumu akikushusha kwingine. Pili, chukua kibali kwenye ofisi inayosimamia magofu, na uombe mwongozaji hapo hapo. Lipa, dai risiti, itunze mfukoni. Tatu, elewana na mwenye mashua bei ya kwenda, kungoja na kurudi, yote kwa pamoja, umpe nusu. Nusu nyingine ndiyo itakayomfanya akukumbuke jioni.

Mavazi hayana mjadala mrefu. Viatu vya kufunika vidole, vyenye soli ngumu, kwa sababu jiwe la matumbawe linakata kama msumeno. Suruali ndefu au gauni refu, kwa ajili ya heshima na kwa ajili ya upupu. Upupu hupenda kuota mahali palipohamwa, na aliyewahi kuugusa hahitaji maelezo. Maji ya kunywa lita 2 kwa kila mtu. Khanga moja, hata kwa mwanamume: ni kivuli, ni shuka ya kukalia, ni kitambaa cha kujifutia.

Wengi huanzia Gerezani kwa kuwa ndipo wanaposhushwa. Wanauzunguka Msikiti Mkuu, kisha jua linapochacha mtu anawaambia Husuni ni mwendo wa kilomita 1.5 na zaidi, wanatazamana, wanarudi chomboni. Wewe geuza. Anzia Husuni Kubwa asubuhi, jua likiwa bado na adabu, halafu teremka kuelekea magharibi ambako kuna miti na watu.

Husuni ni neno la ngome, lakini hapa palikuwa kasri. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta alipofika mwaka 1331 na kusimulia ukarimu wake. Limekaa juu ya jabali linalotazama bahari, vyumba vyake vinapita 100, na inaonekana halikukamilika. Ukipanda kutoka ufukoni unaingia kama mgeni wa sultani alivyoingia, kutokea majini. Hilo pekee ni sababu ya kugeuza njia. Tafuta kwanza bwawa la pembe nane, kisha ua wenye ngazi ambako mtu akikaa juu huona kila kinachofanyika chini. Upande wa kusini, palipokuwa ghala, hakuna pambo lolote, ila usiupite: dhahabu iliyotoka Sofala na vitambaa vilivyovuka bahari ndivyo vilivyolipia bwawa. Husuni Ndogo iko jirani, ni ukuta wa mstatili wenye minara, na kazi yake wataalamu hawajakubaliana. Dakika 10 zinaitosha.

Ukiwa ndani ya vyumba vya Husuni Kubwa fanya jaribio moja. Simama ukutani, tembea hadi ukuta wa pili, hesabu hatua. Utapata tatu, pengine nne. Urefu hauna mpaka ila upana una mpaka, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko una kipimo chake. Anayezijua nyumba za zamani za Lamu au Unguja anavijua vyumba hivyo vyembamba. Ukishalijua hilo, kila utakapokuta nafasi pana uliza: dari hii ilishikwa na nini? Swali hilo litakufaa mbele.

Njia ya kwenda mji wa kale inapita mashambani, chini ya mibuyu, halafu inaingia kijijini. Kisiwa hiki si jumba la makumbusho. Watu wanalima, wanavua, wanasomesha watoto. Njia ikikatisha uani kwa mtu, piga hodi na ungoje. Mzee mpe shikamoo yake, barazani toa salamu kabla ya kuuliza njia, na kamera ibaki mfukoni mpaka uruhusiwe. Mtu akikuletea sarafu nyeusi iliyoliwa na kutu, akakwambia ni ya masultani, huenda anasema kweli, kwani Kilwa ilikuwa ikipiga sarafu zake za shaba, na moja ya al-Hasan imeonekana hadi Great Zimbabwe. Usinunue. Wala usiokote kigae cha bakuli la Kichina kikikung'alia njiani. Mambo ya kale yana sheria yake tangu 1964, na kigae kilichoondolewa mahali pake hakimwambii mchimbaji kitu tena.

Ukifika misikitini, dira unayo tayari. Kilwa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, hivyo kibla cha hapa ni kaskazini. Ielekee mihrabu yoyote: mbele yako kaskazini, mkono wa kulia Husuni ulikotoka, mkono wa kushoto Makutani unakokwenda. Tangu nigundue hilo sijapotea katika magofu yale, hata vichaka vikiwa vimepanda.

Msikiti Mkuu upe saa nzima. Anza kaskazini, kwenye sehemu ndogo ya kale ya karne ya 11, ukae chini kidogo. Halafu vuka uingie upande wa kusini, nyongeza ya karne ya 14 iliyoanguka na kujengwa upya karne ya 15, na sasa uliza lile swali la dari. Hapa boriti haikutegemewa tena: ni nguzo, matao na makuba ya mawe na chokaa, kuba baada ya kuba, na kivuli kinachohama kadiri jua linavyosogea. Angalia nguzo za pembe nane. Matumbawe yakitolewa majini huwa laini, fundi huyachonga hapo hapo, yakikauka yanakuwa magumu. Ndiyo maana mihrabu ina kingo kali hivyo baada ya karne zote hizo. Usiegemee wala usipande. Nimeona kijana akiruka juu ya ukuta apigwe picha, na jiwe likamfuata chini.

Karibu na hapo uko msikiti mdogo wa makuba, wa karne ya 15. Ingia, inua kichwa: kuba la katikati lilipambwa kwa bakuli zilizopachikwa katika chokaa. Zilizobaki ni chache, nafasi tupu ni nyingi, na mimi huzihesabu hizo tupu. Msikiti wa Jangwani umebomoka zaidi. Muda ukikubana, upite.

Makutani, upande wa magharibi, hunichosha, nakiri. Ni kuta ndefu na kasri la karne ya 18 lililojengwa juu ya la kale. Lakini ni vema ufike, kwa sababu ndiko kunakokuonyesha Kilwa ya pili, si ile ya dhahabu. Mwaka 1776 sultani wa hapa aliandikiana mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Mwongozaji asiyeligusia jambo hilo muulize wewe.

Kutoka hapo rudi mashariki polepole mpaka Gerezani. Wareno waliuteka mji mwaka 1505 wakajenga ngome yao hapa, wakaondoka 1512. Jengo unaloliona ni la Waomani, mwanzoni mwa karne ya 19, na bahari imeshakula upande wake. Jirani kuna msikiti wa Malindi na makaburi yake, panafaa kwa kungojea mashua. Saa kumi na nusu jua liko magharibi na kuta zinageuka rangi ya asali. Usilipige picha Gereza ukiwa umesimama mlangoni pake, haliingii lote. Panda chomboni kwanza, mwombe nahodha aachie tanga polepole, ugeuke nyuma.