Kericho hadi Sigor kwa Baiskeli, Peke Yako: Vidokezo 9

Huhitaji kuwa mwanariadha ili kuendesha baiskeli katika milima ya chai. Ukipanga siku yako vizuri, utafika. Njia hii inapita Litein, Kapkatet na Kaplong, kisha inaelekea upande wa Bomet na kuingia Chepalungu hadi Sigor.

1. Hakikisha ni Sigor ipi. Kenya ina Sigor mbili. Moja iko Pokot Magharibi. Unayoiendea wewe iko Kaunti ya Bomet. Ihifadhi ramani kwenye simu ili ifunguke hata bila intaneti.

2. Hesabu mabonde kabla ya kilomita. Mito ya huku hutoka Mau na kuelekea magharibi, Ziwa Victoria, na barabara yako inashika kusini. Ndiyo maana unaivuka mmoja baada ya mwingine: unateremka hadi darajani, unapanda hadi sokoni, unateremka tena. Kama umezoea kilomita 80 kwa siku kwenye tambarare, panga 40.

3. Iwahi mvua. Kericho hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri, na mvua ya mawe si ajabu. Ondoka kukipambazuka, na kufikia saa nane uwe umepata pa kulala. Huku ni karibu na Ikweta: mwezi wowote ule, jua huzama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni, na giza huingia upesi.

4. Shusha gia mapema. Badilisha ukiwa bado na kasi, kabla mlima haujakubana. Ukisubiri hadi miguu ilemewe, cheni inaweza kuruka au kukatika. Na kushuka ukasukuma si aibu. Wenyeji wenye mizigo ya majani ya ng'ombe hufanya hivyo kila siku.

5. Breki: bana, achia, bana tena. Ukizishikilia mteremko mzima, rimu hupata moto. Baada ya mvua, udongo mwekundu huganda kwenye raba za breki na kuzisaga pamoja na rimu. Simama chini ya mlima, zimwagie maji ya chupa na uzipanguse kwa kitambaa kabla ya kuendelea.

6. Beba vipuri ambavyo fundi wa sokoni hana. Pancha ataziba bila shida, na tyubu za baiskeli za kawaida anazo. Lakini kama tyubu zako zina vali nyembamba, pampu yake huenda isiingie. Beba pampu yako, tyubu mbili, spoki za kipimo chako na kiungo cha akiba cha cheni.

7. Kula kabla ya njaa. Chai ya maziwa, chapati na maharagwe vitakuvusha bonde moja hadi jingine. Ndizi ziweke mfukoni. Mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu, usiikose. Ila kama ni mara yako ya kwanza, inywe jioni ukiwa umemaliza safari, na uanze na kikombe kidogo.

8. Salimia kila mtu. Sema "Chamgei", utajibiwa "Chamgei mising". Ukiwa peke yako, salamu ndiyo ulinzi wako: wachuma chai, mama wa kibanda na vijana wa bodaboda watakumbuka umepita, na ndio watakaokwambia daraja lipi limeharibika. Ukitaka kupiga hema, omba ruhusa kwa mwenye boma au kwa chifu. Kila asubuhi, mtumie mtu wa nyumbani jina la soko utakalolala. Nambari za dharura ni 999 na 112.

9. Weka akiba ya lala salama. Kadiri unavyoingia Chepalungu, chai inapungua, mahindi na malisho yanachukua nafasi, na jua linachoma zaidi. Jaza chupa zote kabla ya kuiacha barabara kuu. Miguu ikikataa, matatu hupakia baiskeli juu ya paa. Patana nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa, na uifunge mwenyewe.

Nenda. Milima hii humlipa vizuri anayeipanda polepole, na ukiwa peke yako una uhuru wa kusimama kila unapotaka.