SOMO: DAMU YA NDANI YA NYUMBA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Sahaba zake. Amma baad.

Jueni, ndugu Waislamu, kwamba mauaji ya kwanza juu ya ardhi hayakutendwa na adui wala mnyang'anyi. Ndugu alimuua nduguye kwa husuda, kama zilivyosimuliwa habari za wana wawili wa Adam katika Suratul Maida, aya ya 27 mpaka 31. Alichomhusudia nduguye hakukipata. Alipata khasara na majuto.

Nchi yetu nayo ina mazingatio yake. Alipofariki Sayyid Said bin Sultan mwaka 1856, mwanawe Thuwaini alitawala Maskati, na Majid akatawala Zanzibar. Mwaka 1866 Sayyid Thuwaini aliuawa Suhar, na wanahistoria wamelihusisha tendo hilo na mwanawe mwenyewe, Salim. Salim akashika utawala, lakini mwaka 1868 aliondolewa, na Imam Azzan bin Qais akapewa baia. Ufalme ulioanza kwa damu ya mzazi haukutimiza miaka 3.

Basi na tuzingatie jinsi sheria ilivyoiziba milango ya uovu huu.

Mas-ala ya kwanza: Mwenye kumuua kwa makusudi anayemrithi, hamrithi. Mume hapati fungu katika mali ya mke aliyemuua, wala mwana katika mali ya babake. Haki ya damu nayo iko kwa warithi waliobaki. Tazameni msiba huu: mume akimuua mkewe, watoto wale wale huwa mayatima wa aliyeuawa na wana wa muuaji.

Mas-ala ya pili: Shaka si hukumu. Mume anayemtuhumu mkewe kwa zina na hana mashahidi, njia yake ni liaan mbele ya kadhi, kama ilivyobainishwa katika Suratun Nur, aya ya 6 mpaka 9. Mke naye hupewa viapo vyake, akajiondolea adhabu. Kisha hutenganishwa, na kila mmoja huondoka na roho yake. Ikiwa mume hakupewa upanga, vipi baba au kaka aupate kwa uvumi wa majirani? Anayeua kwa jina la heshima ameivunja heshima kubwa kuliko aliyodai kuilinda.

Mas-ala ya tatu: Ndoa ina mlango wa kutokea. Kuna waamuzi wawili kutoka jamaa za mume na za mke (Suratun Nisaa, aya ya 35), kuna talaka, na kuna khului kwa mke. Hapa Oman, Sheria ya Hali za Kibinafsi iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme Na. 32 ya mwaka 1997 imeyaweka hayo mikononi mwa mahakama. Na aliyekataliwa posa hana haki yoyote juu ya aliyemkataa.

Mas-ala ya nne: Sitara haifuniki hatari. Mke aliyetishiwa kuuawa akawaeleza wazee wake, polisi au kadhi, hakufichua siri ya nyumba. Ameihifadhi nafsi, na kuihifadhi ni wajibu. Mzazi anayemwambia, "Rudi, mwanangu, ukasubiri," na hali amekwisha kuisikia hofu yake, ajiandae kuulizwa mbele ya Mola wake.

Wallahu aalam, wabillahi taufiki.