Kizimba cha Ndege Uani: Somo la Kuishi Pamoja

Watu wengi wanaofuga ndege wadogo uani huanza na hesabu ya nafasi. Hupima urefu na upana wa kizimba, kisha hujiuliza: je, humu wataenea ndege wangapi? Swali hilo lina maana yake, lakini si swali la kwanza. Mfugaji aweza kuwa na kizimba kikubwa chenye ndege kumi tu, na baada ya juma moja akakuta mmoja amekatwa kidole, wa pili amefukuzwa kwenye chakula, na mayai ya wa tatu yametupwa chini. Mfugaji mwingine aweza kuwa na ndege wengi zaidi katika eneo lile lile, nao wakala, wakataga na kulea makinda kwa amani. Aghalabu tofauti hiyo hutokana na jinsi aina za ndege hao zinavyogawana chakula, mahali pa kutua na mahali pa kutagia. Makala haya yaeleza msingi wa jambo hilo, na jinsi linavyoweza kufundishwa shuleni.

Nafasi ya maisha

Mwaka 1934 mwanabiolojia wa Urusi, G. F. Gause, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa paramesiamu, yaani viumbe vidogo sana vya seli moja. Kila aina ilipowekwa peke yake katika chombo chenye chakula, ilistawi. Aina mbili zenye mahitaji yale yale zilipowekwa pamoja, moja iliongezeka na nyingine ikatoweka. Lakini zipo aina nyingine mbili zilizoendelea kuishi pamoja, kwa sababu moja ilijilisha sehemu ya juu ya chombo na nyingine sehemu ya chini.

Kutokana na majaribio hayo wataalamu wa ekolojia walipata kanuni muhimu: aina mbili za viumbe zenye mahitaji yale yale haziwezi kudumu pamoja mahali pamoja, isipokuwa ziwe na tofauti fulani katika namna ya kuishi. Kila aina ina nafasi yake ya maisha. Nafasi hiyo si mahali tu. Ni jumla ya chakula inachokula, wakati inapokula, kimo inapotua na namna ya kiota inachojenga.

Porini ndege aliyeshindwa huruka akaenda kwingine. Kizimbani hana pa kwenda. Ndiyo sababu kizimba huonyesha kwa siku chache mashindano ambayo porini si rahisi kuyaona.

Kuchagua wanaopatana

Tuchukue mfano wa aina mbili zinazofugwa sana duniani. Wa kwanza ni chiriku wa kufugwa (Serinus canaria), ambaye asili yake ni visiwa vya Kanari, Azores na Madeira. Wa pili ni finchi milia wa Australia (Taeniopygia). Wote wawili hula mbegu ndogo kama uwele, kwa hiyo katika chakula wanaingiliana. Katika viota wanatofautiana: chiriku hujenga kiota kilicho wazi, mfano wa kikombe, na finchi hupendelea kiota kilichofunikwa, kama vile kisanduku chenye tundu. Mfugaji akiweka chakula katika vyombo kadhaa vilivyo mbalimbali, asiwepo ndege awezaye kuvilinda vyote, aina hizi mbili zaweza kupatana.

Hata hivyo, mfugaji huyo huyo akiweka madume wawili wa chiriku katika kizimba kimoja wakati wa kuzaa, watapigana vikali. Jambo hili huwashangaza wanaoanza, kwani hudhani kwamba wa aina moja ni ndugu, hivyo watapendana. Ukweli ni kinyume chake. Wanaofanana zaidi ndio wenye mahitaji yaliyo sawa zaidi, na kwa hiyo ndio wenye sababu nyingi zaidi za kugombana.

Kwa sababu hiyo wafugaji wazoefu hufuata kanuni mbili katika kuweka visanduku vya kutagia. Kwanza, idadi ya visanduku huzidi idadi ya jozi za ndege. Viwili kwa kila jozi vyafaa. Pili, vyote hutundikwa kwa kimo kimoja, maana kisanduku kilicho juu kuliko vingine hugombewa na kila jozi.

Kasuku wadogo hawafai kuchanganywa na chiriku wala finchi. Mdomo wao una nguvu ya kukata kidole cha ndege mdogo. Hata vizimba vinapopakana, hapana budi kuweka wavu mara mbili wenye nafasi katikati, kwani kasuku huweza kumng'ata jirani aliyeshikilia wavu.

Usalama wa kizimba

Wavu uwe na matundu yasiyozidi milimita 12, na ufukiwe ardhini ili kuzuia panya na nyoka. Wavu mpya uliopakwa zinki husuguliwa kwa siki na kusuuzwa kabla ya kutumiwa, kwa kuwa ndege wakiutafuna hupata sumu ya zinki. Sehemu ya paa ifunikwe ili kuwe na kivuli. Ndege wasipewe parachichi, kwani ni sumu kwao. Kadhalika wasichanganywe na kuku, ambao huweza kuwaambukiza mdondo. Anayesafisha kizimba alowanishe kinyesi kwanza na kufunika pua na mdomo, maana vumbi la kinyesi cha ndege wagonjwa, hasa kasuku, huweza kumletea binadamu ugonjwa wa mapafu.

Muhimu kuliko yote ni mlango. Kizimba bora huwa na milango miwili yenye chumba kidogo kati yake: mfugaji hufunga wa kwanza kabla ya kufungua wa pili. Gharama yake yaweza kuonekana ya bure. Mfano ufuatao unaonyesha kwamba sivyo.

Waliotoroka

Tanzania ni asili ya kasuku wawili wadogo wanaojulikana kwa wafugaji wa dunia nzima. Wote walielezwa kisayansi mwaka 1887 na Mjerumani Anton Reichenow. Kasuku wa Fischer (Agapornis fischeri), mwenye uso wa rangi ya chungwa, huishi kusini mwa Ziwa Victoria na katika Serengeti. Kasuku kichwa-cheusi (Agapornis personatus), mwenye ukosi wa manjano, huishi katikati ya nchi, zikiwemo sehemu za Tarangire na Dodoma. Wote hutaga katika matundu. Ingawa ni majirani, kwa kawaida kila mmoja hukaa upande wake.

Katika miaka ya 1980 kasuku wa Fischer alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani, na ukamataji huo ulimpunguza katika makazi yake ya asili. Wakati huo huo, ndege wa aina zote mbili waliotoroka au kuachiwa walianza kuishi huru mahali pasipo kwao. Huko Naivasha, nchini Kenya, walikutana na kuzaliana, na watoto wao nao huzaa. Leo makundi ya ndege chotara huonekana huko. Mpaka uliozitenganisha aina hizo kwa muda mrefu ulivunjwa na milango ya vizimba.

Uchotara una athari katika tabia pia. Mwaka 1962 William Dilger, wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alieleza jaribio la kuzalisha kasuku wa Fischer na jamaa yake wa kusini-magharibi mwa Afrika (Agapornis roseicollis). Wa Fischer hubeba vifaa vya kiota mdomoni. Jamaa yake huvichomeka katika manyoya ya mgongoni. Chotara walijaribu kuvichomeka, vikaanguka. Iliwachukua miaka kujifunza kuvibeba vizuri mdomoni, na hata hapo waliendelea kugeuza kichwa kuelekea mgongoni kana kwamba wanataka kuchomeka. Walikuwa wamerithi desturi mbili zisizopatana.

Kwa hiyo asiyetaka chotara asiweke pamoja aina zinazoweza kuzaliana. Tena asikamate ndege wa porini: nchini Tanzania Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hudai kibali.

Kazi ya wanafunzi

Shule isiyo na kizimba yaweza kutumia kuku, bata na njiwa waliomo uani. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi, na kila kikundi kichunguze aina moja kwa dakika 15, asubuhi na jioni, kwa muda wa siku tano. Kila baada ya dakika moja waandike katika jedwali: ndege yuko kimo gani, anafanya nini, anakula nini, na nani amemfukuza nani.

Baada ya hapo wajibu maswali haya:

1. Ni aina zipi zinazoingiliana katika chakula? Ni zipi katika mahali pa kulala?

2. Je, kufukuzana kulitokea zaidi kati ya ndege wa aina moja au wa aina mbalimbali? Eleza sababu.

3. Gawa chakula kile kile katika vyombo vitatu badala ya kimoja. Je, idadi ya kufukuzana imebadilika?

4. Kwa nini ndege aliyetoroka kizimbani huweza kuwadhuru ndege wa porini, hata kama hapigani nao?

Mwalimu asiharakishe kutoa majibu. Jedwali lililojazwa vizuri litawaonyesha wanafunzi wenyewe kwamba amani ya uani haitegemei ukubwa wa uwanja peke yake, bali hutegemea pia kila aina kupata mahali pake.