Shilingi ya Wanyamapori: Hutoka kwa Nani, Humfikia Nani?

Mfugaji anapoamka alfajiri na kukuta fisi ameingia zizini usiku, swali lake huwa moja: je, serikali itanilipa? Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Ili mwananchi ayaelewe masharti hayo, yafaa kwanza ajue fedha za wanyamapori hutoka wapi, kwa sababu chanzo cha fedha ndicho huamua zitatumika kwa kazi gani. Hilo ndilo somo letu katika toleo hili.

Mfano kutoka Marekani

Tuanze na nchi ambako njia ya fedha hizi huonekana wazi. Marekani huruhusu uwindaji kwa leseni. Mnamo Septemba 1937, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria inayojulikana hadi leo kwa majina ya wadhamini wake wawili bungeni, Pittman na Robertson. Sheria hiyo iliitenga kodi ya bunduki ndefu na risasi, ambayo ni asilimia 11, itumike kuhifadhi wanyamapori. Baadaye bastola ziliongezwa, kwa kodi ya asilimia 10, pamoja na pinde na mishale.

Majimbo hugawiwa fedha hizo kwa vipimo viwili: ukubwa wa eneo na idadi ya watu wenye leseni za kuwinda. Kwa kawaida serikali kuu hulipa hadi robo tatu ya gharama ya mradi, na jimbo hutafuta robo inayobaki.

Kwa kuwa mlipaji ni mnunuzi wa bunduki, sehemu ya fedha humrudia. Sheria iliruhusu zitumike pia kuwafunza wawindaji na kujenga viwanja vya umma vya kulenga shabaha. Mwaka 2019 ilirekebishwa ili serikali kuu iweze kulipa hadi asilimia 90 ya gharama ya uwanja kama huo. Si kila mtu anaridhika. Wapo wanaouliza kama uwanja wa shabaha ni uhifadhi kweli, na wapo wanaouliza kwa nini mtu aliyenunua bastola ya kujilinda alipie malisho ya swala.

Kuna sharti moja la sheria hiyo ambalo linatufaa hata sisi. Jimbo halipati hata senti mpaka lipitishe sheria yake kwamba ada za leseni za wawindaji zitatumiwa na idara ya wanyamapori peke yake. Fedha hizo zimewekewa zizi, na mlango wake unajulikana.

Kenya tulichagua njia nyingine

Mnamo Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Tangu hapo hakuna mwindaji wa kulipa ada wala kodi ya risasi ya kutengea wanyama. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini (KWS), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1989, hutegemea viingilio vya mbuga, mgao wa Hazina ya Kitaifa na misaada ya wafadhili.

Ndiyo maana hapa kwetu uwanja wa shabaha unaolipiwa na fedha za wanyamapori si wa raia, ni wa askari anayewalinda wanyama. Askari wa KWS hufunzwa katika chuo cha shirika hilo kilichoko Manyani, eneo la Tsavo, na askari wa hifadhi za jamii kutoka kaskazini pia wamepitia mafunzo huko. Raia anayetaka kumiliki bunduki hushughulikiwa na Bodi ya Leseni za Silaha, na gharama ni juu yake mwenyewe.

Garissa imesimama wapi?

Kaunti yetu ina utajiri ambao nchi nyingi hazina. Hirola, anayeitwa arawla kwa Kisomali, ni swala anayepatikana katika eneo hili la mpaka wa Kenya na Somalia, pamoja na kundi dogo lililohamishiwa Tsavo. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu. Leo hawafiki 500. Tauni ya ng'ombe, ukame, uwindaji haramu na kupungua kwa malisho vyote vilichangia.

Hifadhi ya kitaifa ya Arawale ilitangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama huyu. Lakini viingilio vya watalii hapa si kama vya Maasai Mara, na hifadhi isiyo na wageni haijilipii. Pengo hilo lilizibwa kwa kiasi fulani na wananchi wenyewe. Huko Ijara, jamii ilitenga ardhi yake ikaanzisha hifadhi ya Ishaqbini, na mwaka 2012 hirola 48 wakawekwa ndani ya uzio ili wazaane bila kuandamwa na simba na fisi. Wamezaana na kuongezeka. Kwa sehemu kubwa kazi hiyo imelipiwa na wafadhili, na fedha za mfadhili zina tarehe ya mwisho.

Kwa hiyo bajeti ya umma ni muhimu. Kwa mujibu wa Katiba, ulinzi wa wanyamapori ni kazi ya serikali ya kitaifa, lakini usimamizi wa hifadhi za kitaifa kama Arawale, Boni na Rahole uko mikononi mwa kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mwananchi anayetaka askari zaidi, visima mbali na njia za tembo au mazizi imara, atoe maoni yake kabla ya tarehe hizo.

Fidia: haki yenye utaratibu

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka viwango hivi kwa binadamu: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Mifugo, mimea na mali hulipwa kwa bei ya soko. Si kila mnyama anayehesabiwa. Tembo, simba, chui, duma, fisi, mamba, kiboko, nyati na mbwa mwitu wamo kwenye orodha.

Mwathiriwa afanye hivi:

1. Apige ripoti mapema kwa ofisi ya KWS iliyo karibu, au kwa chifu ili aifikishe huko. Mtu akijeruhiwa au kuuawa, polisi nao waarifiwe.
2. Asiondoe ushahidi. Mzoga, nyayo na zizi lililobomolewa viachwe mpaka afisa avione, au vipigwe picha.
3. Ajaze fomu ya dai na kuambatisha stakabadhi: ripoti ya daktari, cheti cha kifo au tathmini ya afisa wa mifugo. Abaki na nakala.
4. Afuatilie dai katika kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia, ambamo wawakilishi wa jamii huketi pamoja na maafisa wa serikali. Kamati huchunguza, kisha hupeleka mapendekezo yake kwa Waziri.

Dai la mifugo au mali laweza kukataliwa ikiwa mwenyewe hakuchukua hatua za kutosha kujikinga. Mbuzi waliolala nje bila zizi ni sababu tosha. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa kwa jopo la kitaifa la rufaa za mazingira.

Ni kweli kwamba madai mengi huchukua muda mrefu kulipwa. Lakini dai lililochelewa bado liko kwenye foleni. Lile ambalo halikuandikwa halipo popote, na waliopanga bajeti hawakulihesabu.

Jipime

- Kwa nini mnunuzi wa bunduki Marekani hurudishiwa uwanja wa shabaha, na mfugaji wa Kenya hulipwa fidia?
- Ni wanyama gani kati ya wanaokuja kijijini kwenu wamo kwenye orodha ya fidia?
- Ofisi ya KWS iliyo karibu nawe iko wapi, na ni nani kijijini anayejua kuijaza fomu?

Kama swali la tatu limekushinda, liulize katika baraza lijalo la chifu.