Michirizi ya Kahawia ya Muhogo: Jinsi Kirusi Kinavyozidi

Wakulima wa Karagwe na Kyerwa huniuliza: "Bwana Shamba, mbona hakuna dawa ya kuponya muhogo huu?" Jibu limo katika kirusi chenyewe.

Ugonjwa huu ulielezwa na H. H. Storey huko Amani mwaka 1936. Kirusi chake ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi karibu 9,000. Kikiingia katika chembe ya muhogo, huilazimisha itengeneze kimeng'enya kiitwacho polimerasi. Umbo lake ni kama mkono wa kuume uliofumba nusu: vidole, kiganja na dole gumba. Uzi hupita kiganjani, na hapo herufi za nakala huungwa moja moja kwa msaada wa magnesi. Ni karani mwepesi, lakini hasahihishi aliyoyaandika. Ndiyo sababu kirusi hubadilika upesi. Dawa ya kunyunyizia huweza kuua nzi weupe wanaokieneza, lakini karani huyo haimfikii.

Pingili ya shina gonjwa hubeba uzi huo mpaka shamba jipya. Nimepata kung'oa muhogo wenye majani ya kupendeza, nikaupasua, kumbe ndani una madoa makavu ya kahawia kama kizibo cha chupa. Mwenye shamba alikuwa amekwisha kuwagawia jirani zake mbegu.

Basi kabla ya kukata pingili, tazama majani ya chini kama yana umanjano kando ya vishipa, kisha ng'oa mashina machache upasue mizizi. Ukiona madoa, usichukue hata pingili moja katika shamba hilo. Mashina magonjwa yang'olewe, yachomwe moto.