Thredi za Bloku Zimeliwa, Bosi Anataka Gari Litoke Leo

*Mzee, mimi ni fundi msaidizi kwenye gereji moja hapa Morogoro. Tulipokea Toyota Ipsum ya mwalimu mmoja, ilikuwa inachemsha na kumaliza maji. Tulifungua hedi, ikasawazishwa kwa mashine, tukaweka gasketi mpya. Wakati wa kukaza, bolti tatu za nyuma, upande wa kuelekea dashibodi, zikawa zinazunguka tu, hazishiki. Nilipozitoa zilikuja na alumini imejisokota kwenye thredi. Bosi anasema nipake gundi ya chuma, nikaze taratibu, gari litoke leo, maana hela ya kazi imeshatumika. Nikikataa naogopa kufukuzwa. Nikikubali sitapata usingizi. Nifanyeje? — S.K., Morogoro*

Mwanangu S.K., nimekuelewa, na nimefurahi kwamba uliuliza kabla ya kufunga. Wengi huuliza gari likishavutwa kwa kamba. Barua yako ina mambo mawili, la injini na la dhamiri. Nitaanza na la injini, kwa sababu ukilielewa vizuri utapata maneno ya kumwambia bosi wako.

Usijibebeshe lawama zote

Kama Ipsum hiyo ni ACM21, ina injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Harrier, Kluger, Estima na Alphard nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bloku yake ni ya alumini, na zile zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2007 hivi zina ugonjwa unaofahamika kwa mafundi wa nchi nyingi: thredi za bolti za hedi hung'oka, hasa tatu za katikati upande wa nyuma. Thredi zile zilikuwa fupi, takriban milimita 24, na baadaye Toyota wenyewe walizirefusha hadi takriban 30.

Kwa hiyo yawezekana kabisa zilikuwa zimeshakufa kabla spana yako haijazigusa, na ndizo zilizofanya gari lichemshe tangu mwanzo. Gasketi mliyoitupa huenda haikuwa na kosa lolote. Hata maji yaliyokuwa yanapotea, mengi huvujia huko nyuma kwenye upande wa ekzosti, yakakaukia kwenye joto. Mwenye gari haoni tone chini. Anaongeza maji asubuhi, anaondoka.

Bolti ya hedi inafanya kazi gani

Bolti ya hedi hukazwa ili ivutike. Ni kama mpira wa manati: nguvu yake iko katika kutaka kurudi ulikotoka. Kila moja kati ya bolti kumi za injini hii hubana hedi kwa nguvu ya tani kadhaa, na kubana huko ndiko kunakoizuia gasketi isipulizwe kila mara petroli inapolipuka ndani ya silinda.

Sasa ongeza joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikipata moto, bloku na hedi hukua kuliko bolti, bolti huvutwa zaidi, na mzigo wote huishia kwenye thredi laini za alumini. Gari likichemsha sana, alumini inazidi kulegea na thredi zinaanza kunyanyuka pamoja na bolti. Siku fundi anapofungua, anakuta zimekuja nazo. Ndicho ulichokiona mkononi mwako.

Weka hilo akilini, S.K., kwa sababu kila njia nitakayokutajia itapimwa kwa swali moja: je, itabeba tani hizo, kwenye joto hilo, kwa miaka?

Njia zilizo mbele yako

*Gundi ya chuma.* Inaziba tundu, inajaza ufa wa sampu, lakini haibebi mvuto wa bolti ya hedi ndani ya injini yenye moto. Na ukikaza taratibu ili gundi isipasuke, hujabana gasketi. Gari litawaka, litanguruma vizuri, litatoka getini. Halafu mwalimu atakwenda Iringa kumwona mzazi, na maji yataisha akiwa anapanda mlima Kitonga. Hapo hedi itapinda, na huenda bloku nayo ikaharibika.

*Bolti nene zaidi.* Inavutia, maana duka la bolti liko jirani. Lakini matundu ya hedi na gasketi yalipimwa kwa bolti ya awali, ya milimita 11. Ukiyapanua unasogelea njia za maji na za oili. Tena bolti ya kawaida ya dukani haikutengenezwa kuvutika kwa kipimo kinachotakiwa.

*Kuchomelea na kukata thredi upya.* Inawezekana kwa fundi bingwa wa alumini. Ila joto la kuchomelea linaweza kuupinda uso wa bloku, na utalazimika kuipeleka yote kwenye mashine.

*Injini ya mtumba.* Bosi wako anaweza kuagiza kutoka Gerezani, Dar es Salaam. Si wazo baya, lakini muulize: ya mwaka gani? Injini ya 2AZ-FE ya miaka ile ile ina thredi fupi zile zile. Mtakuwa mmenunua ugonjwa mwingine ambao bado haujajitokeza.

*Koili ya thredi.* Hii ni waya wa chuma cha pua uliokunjwa kama springi, ambao mafundi wengi wanaujua kwa jina la Helicoil. Unatoboa thredi iliyokufa, unakata thredi kubwa zaidi kwa tepu maalumu ya koili, kisha unapachika koili, na ndani yake bolti ile ile ya zamani inaingia sawasawa. Watu huidharau wakidhani ni kiraka. Kumbe injini za ndege zenye alumini huwekewa koili hizi hata zikiwa mpya, kwa sababu chuma hubaki ndani ya alumini kikipokea msuguano wa bolti, na mzigo hugawanywa kwenye eneo pana zaidi.

*Bushi ya thredi.* Hii ni silinda nyembamba ya chuma yenye thredi nje na ndani. Time-Sert ni mojawapo ya zinazojulikana. Unapoipachika kwa kifaa chake, sehemu ya chini hutanuka na kujibana kwenye alumini, isiweze kutoka na bolti siku ya kufungua. Kwa 2AZ-FE kuna seti iliyotengenezwa mahususi, yenye thredi ya M11 kwa 1.5 na sahani ya kuelekezea drili.

Ushauri wangu kwa gari hili ni bushi. Koili iliyopachikwa vizuri hubeba mzigo, lakini kwa bolti ya hedi napenda kitu kigumu kisichofuata bolti. Koili iweke akiba kwa bolti za kava, za sampu na za manifodi, ambako M6 na M8 huliwa kila siku.

Ukiifanya, ifanye hivi

Usitoboe kwa macho. Tundu likiinama kidogo tu, bolti itaingia kwa kulazimishwa na hedi haitakaa. Funga sahani ya kuelekezea kwenye matundu mazima, ndipo drili iingie wima. Kama gereji yenu haina sahani wala seti, mpelekee fundi wa mashine bloku yenyewe. Si aibu.

Ziba silinda, njia za oili na njia za maji kwa matambara safi kabla ya kutoboa. Paka grisi kwenye drili ishike vumbi la alumini. Weka alama ya kina kwenye drili, maana kwenda chini kupita kiasi kunaweza kukufikisha kwenye maji. Unapokata thredi, mafuta ya taa yanafaa kwa alumini: zungusha mbele nusu mzunguko, rudi nyuma robo, vumbi likatike. Usilazimishe tepu. Tepu ikikatikia ndani, utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Osha tundu, lipulize kwa upepo ukiwa umevaa miwani, na uhakikishe chini hakuna oili wala maji. Bolti ikishuka kwenye tundu lenye kimiminika kisicho na pa kukimbilia, inaweza kuipasua bloku. Paka gundi ya kufungia thredi upande wa nje wa bushi, weka oili kwenye kifaa cha kupachikia, na uzungushe mpaka mkono usikie ugumu kisha ulegee. Huo ndio wakati bushi inapojibana. Ukitumia koili kwingineko, ishushe kidogo chini ya uso wa chuma, ukate kile kikia chake cha kupachikia, na ukitoe. Kikibaki ndani ya injini kitatafuta pa kuharibu.

Kisha pima uso wa bloku kwa rula iliyonyooka na filageji. Nunua bolti mpya za hedi, kwa sababu za zamani zimeshavutika. Kaza kwa spana ya kupimia mkazo, kwa mpangilio wa kitabu, na umalizie kwa nyuzi 90 kama inavyoelekezwa. Gasketi iliyokwishabanwa nayo haifai tena, tafuta nyingine.

Jambo la mwisho la ufundi: usitengeneze matundu matatu ukayaacha saba. Bloku ni moja na umri ni mmoja. Hedi iko chini sasa, fanya yote kumi. Saba unayoyaacha leo ndiyo yatakayokurudishia gari kesho.

Namna ya kusema na bosi

Sasa nitasema nawe kwa ukali kidogo, mwanangu, kwa sababu nakupenda.

Usipake gundi hiyo. Mkono wako ndio utakaoshika spana, na anayeshika spana hawezi kusema baadaye kwamba alitumwa. Ukikubali hili mara moja, mara ya pili bosi hatakuomba, atakuambia tu.

Lakini pia usimwone bosi wako kuwa mtu mbaya. Ana kodi ya eneo, ana mishahara, na hela ya mwalimu imeshakwenda. Mtu aliyebanwa hutafuta tundu la karibu. Mwendee mkiwa wawili, si mbele ya wateja wala wenzako. Mwonyeshe bolti yenye alumini iliyojisokota. Mwambie hivi: "Bosi, tukifunga hivi gari litarudi, na litakaporudi tutalipa hedi, gasketi na jina letu. Tumwambie mwalimu leo, tumpe hesabu mpya, asubiri wiki." Umeona kwamba maneno hayo hayamtukani. Yanampa njia.

Mweleze pia kwamba seti ya bushi ni ghali kwa gari moja, lakini si chombo cha gari moja. Harrier na Kluger za injini hii zimejaa barabarani. Gereji mbili tatu zikichangia seti, kila gari litakalokuja na ugonjwa huu ni kazi yenu, na baada ya muda wenzenu watakuwa wanawaletea ninyi.

Na mwalimu naye aambiwe

Mwenye gari ana haki ya kuchagua kati ya bushi, injini nyingine, au kuliuza gari kama lilivyo. Hawezi kuchagua asichokijua. Mwiteni, mwonyesheni bloku ikiwa wazi, afike aone kwa macho yake. Mteja anayeonyeshwa uharibifu hukasirika siku moja. Mteja anayefichwa hukasirika maisha yake yote, na huwasimulia wenzake wa shuleni. Wazee walishasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Kama mlipokea hela kwa kazi ya gasketi tu, semeni wazi kwamba kazi imeongezeka na kwa nini. Mkikubaliana naye bei, iandikeni, pamoja na orodha ya vitu vipya vilivyowekwa.

Je, bosi akikataa kabisa?

Mwombe akuondoe kwenye gari hilo, kwa heshima, na akabidhi kazi kwa mwingine. Mwambie kwamba hutamsema vibaya, lakini mwenye gari akikuuliza hutamdanganya. Huenda akakasirika. Huenda hata akakufukuza, na sitakudanganya kwamba hilo ni jambo dogo kwa kijana mwenye watu wa kulisha. Ila pima hasara mbili hizi. Kazi ukiipoteza, ujuzi unabaki nawe, na fundi anayejua kupachika bushi ya hedi haombi kazi kwa muda mrefu. Jina likiharibika, hata gereji yako mwenyewe utakayoifungua kesho itakosa wateja.

S.K., nenda kazini kesho asubuhi kabla wenzako hawajafika. Chukua bolti ile mkononi, mtafute bosi, useme naye. Hedi isifungwe kabla thredi hazijatengenezwa na mwalimu hajaambiwa.